Mashine zinazozunguka na safari ya umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukiacha paneli za jua, karibu umeme wote unaotumika duniani hutoka kwenye kitu kinachozunguka, na karibu nusu yake huishia kwenye kitu kingine kinachozunguka: pampu, feni, kompresa, lifti, mashine za kusaga. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wanafunzi, na mafundi wanaoanza kazi, na pia watu waliochoka kuambiwa tu kwamba "umeme umepungua nguvu".

Jenereta hupata wapi umeme inaoutoa?

Haina ghala la umeme ndani yake. Elektroni tayari zimo kwenye waya wa shaba tangu siku waya huo ulipotengenezwa. Kazi ya jenereta ni kuzisukuma, na nguvu ya kuzisukuma hutoka kwa kile kinachozungusha shafti (mhimili wake), kama vile maji yanayoporomoka, mvuke, upepo au injini ya dizeli.

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na waya, au waya ukisogea karibu na sumaku, volti huzaliwa kwenye waya. Sumaku ikitulia, hata iwe kali namna gani, volti hakuna. Kinachohitajika ni uga wa sumaku unaobadilika bila kukoma, na njia nyepesi ya kuupata ndani ya nafasi ndogo ni kuzungusha. Ndiyo maana mwaka uliofuata tu, 1832, Hippolyte Pixii wa Paris alikuwa tayari ana mashine ya kuzungusha sumaku kwa mkono mbele ya koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi.

Kwenye mashine kubwa za leo sumaku ndiyo inayozunguka. Sehemu hiyo huitwa rota, na si sumaku ya kudumu bali koili inayolishwa mkondo mnyoofu (wa upande mmoja, kama wa betri) ili iwe sumaku-umeme. Koili zinazotoa umeme wa kuuzwa zimekaa palepale kwenye stata, yaani mwili wa nje. Mpangilio huo una sababu: ni rahisi zaidi kutoa maelfu ya ampea kwenye kitu kilichotulia kuliko kwenye kitu kinachozunguka mara 50 kila sekunde.

Kwa nini jenereta huwa nzito unapoiwekea mzigo?

Hili ndilo swali ninalotaka kila msomaji aondoke ameshalielewa, kwa sababu mengine yote yanalitegemea.

Chukua jenereta ndogo ya sumaku ya kudumu, ile inayoweza kuzungushwa kwa vidole. Acha waya zake mbili zikiwa wazi kisha uzungushe shafti: inakwenda kwa wepesi, unasikia tu msuguano wa beringi. Sasa gusanisha ncha za hizo waya mbili na uzungushe tena. Shafti inagoma mkononi. Hakuna breki iliyofungwa, wala hakuna chuma kinachosuguana na kingine. Kilichobadilika ni kwamba mkondo umepata njia ya kupita, na mkondo huo umetengeneza uga wake wa sumaku unaopinga ule mwendo uliouzaa. Heinrich Lenz aliiandika kanuni hiyo mwaka 1834.

Jambo lilelile hutokea kwenye jenereta ya dizeli. Mtu akiwasha pasi, sauti ya injini hushuka kidogo, kisha gavana (kidhibiti mwendo cha injini) hufungua mafuta zaidi na mwendo hurudi pale ulipokuwa. Ile sekunde sauti iliposhuka ni pasi inayosikika kwenye shafti. Ikiwa jenereta ina ufanisi wa asilimia 85, kila kilowati 1 unayotumia ni lazima injini isukume takriban kilowati 1.18. Umeme, kwa hiyo, ni jasho la anayezungusha.

Nimeona video ya mota inayozungusha jenereta, na jenereta hiyohiyo inailisha mota. Inawezekana?

Haiwezekani, na inaniuma kuona watu wakinunua vifaa kwa ahadi hiyo. Piga hesabu kwa ukarimu kabisa: mota yenye ufanisi wa asilimia 90 na jenereta yenye asilimia 90. Ukianza na wati 100, shafti inapata 90, jenereta inatoa 81. Mzunguko wa pili unabaki na takriban 66, wa tatu 53. Hapo hujawasha hata taa moja. Ukiongeza gurudumu zito kwenye shafti, mashine itachukua muda mrefu zaidi kusimama, kwa kuwa gurudumu hurudisha nguvu uliyoiweka wakati wa kulizungusha, na si zaidi ya hapo.

Ukiona video ya namna hiyo ikiwasha taa, kuna betri au waya usiouona.

Je, mota na jenereta ni mashine moja?

Kwa kiasi kikubwa ndiyo. Ukiisukuma shafti inatoa umeme, na ukiipa umeme inasukuma shafti. Jambo hili lilipata umaarufu kwenye maonyesho ya Vienna mwaka 1873, pale mashine ya Zénobe Gramme ilipounganishwa na nyingine iliyokuwa ikizalisha umeme, nayo ikaanza kuzunguka yenyewe kama mota.

Magari ya umeme hutumia tabia hiyo kila yanapopunguza mwendo, kwani mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu ya gari kwenye betri. Vituo vya kuhifadhi nguvu kwa maji navyo vingi hutumia mashine moja kwa kazi zote mbili: umeme ukizidi, mashine hupandisha maji kwenye bwawa la juu, na ukihitajika, maji yanateremka na kuizungusha kinyume. Tofauti kati ya mota na jenereta zinazouzwa madukani zipo, lakini ni za muundo: upoozaji, namna ya kudhibiti volti, umbo la shafti.

Mota ya fezi tatu inazungukaje wakati hakuna waya unaogusa rota?

Koili tatu zimepangwa kuzunguka stata, kila moja ikiachana na mwenzake kwa nyuzi 120. Mikondo ya fezi tatu, yaani njia tatu za umeme unaopanda na kushuka, haifiki kileleni kwa pamoja, inapokezana. Uga wa sumaku unaotokana na koili hizo haupandi na kushuka tu mahali pamoja, bali unatembea kulizunguka tumbo la mota, ingawa hakuna chuma chochote kilichosogea. Galileo Ferraris na Nikola Tesla, kila mmoja kwa njia yake, waliufanyia kazi uga huu katika miaka ya 1880, na mwaka 1889 Mikhail Dolivo-Dobrovolsky akatengeneza mota ya fezi tatu yenye rota ya vyuma vilivyofungwa kama kizimba. Mota nyingi za viwandani leo ni wajukuu wa hiyo.

Uga unapopita juu ya zile nondo za rota unazalisha mkondo ndani yake, kama Faraday alivyoonyesha. Mkondo huo unakuwa sumaku, na sumaku hiyo inavutwa kuufuata uga. Lakini rota haiwezi kuufikia. Ikiufikia, nondo hazikatwi tena na uga, mkondo unakufa, na nguvu ya kusukuma inakwisha. Kwa hiyo daima inabaki nyuma kidogo.

Kusoma kibao cha mota kunatosha kuliona hili. Mota yenye ncha nne za sumaku kwenye umeme wa hezi 50 (mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde) ina uga unaozunguka mara 1500 kwa dakika, lakini kibao kitaandikwa 1440 au 1450. Zile 50 au 60 zinazokosekana ndizo zinazoifanya mota ifanye kazi. Ukiiongezea mzigo, rota huchelewa zaidi kidogo, mkondo unaongezeka, na nguvu inaongezeka.

Ukitaka izunguke kinyume, badilishana waya mbili zozote kati ya zile tatu.

Hizo 1500 zinatoka wapi?

Zidisha hezi kwa 120, kisha gawa kwa idadi ya ncha za sumaku. Hezi 50 na ncha mbili ni mizunguko 3000 kwa dakika, ncha nne ni 1500, ncha sita ni 1000. Kwa nchi za hezi 60 ni 3600, 1800 na 1200. Tabaini ya mvuke, yaani gurudumu la mapanga linalosukumwa na mvuke, hupenda mwendo mkali, hivyo jenereta yake huwa na ncha mbili au nne na rota ndefu nyembamba. Tabaini ya maji yenye mapanga makubwa huenda polepole. Ikizunguka mara 75 tu kwa dakika, jenereta yake lazima iwe na ncha 80 ili itoe hezi 50, na ndiyo sababu jenereta za mabwawa huwa pana kama uwanja mdogo.

Kwa nini fezi tatu na si moja?

Kwenye fezi moja nguvu hupanda na kushuka hadi sifuri mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, yaani mara 100 kwa sekunde kwenye hezi 50. Kwenye fezi tatu zilizo sawa, moja ikishuka nyingine zinapanda, na jumla haibadiliki. Shafti inasukumwa kwa utulivu. Pia mikondo mitatu iliyo sawa ikijumlishwa inakuwa sifuri, hivyo laini kubwa hazihitaji waya wa kurudisha.

Mota ya fezi moja haina uga unaozunguka tangu mwanzo. Nyingi husaidiwa na kapasita (kifaa kidogo kinachotunza chaji) kuuanzisha. Ikinguruma bila kuondoka, na ukiona kwamba ikisukumwa kidogo inakwenda, mara nyingi kapasita ndiyo iliyokufa.

Kwa nini taa hufifia mota kubwa inapowashwa?

Rota ikiwa imesimama, uga unaikata kwa kasi yote. Mkondo wa ndani ya rota unakuwa mkubwa mno, na stata nayo inavuta kutoka kwenye laini mara 5 hadi 8 ya mkondo wa kawaida. Volti ya mtaa mzima inashuka kwa sekunde chache hizo, kisha rota ikishika mwendo hali hurejea.

Kuanzia kwa nyota kisha kuhamia delta (namna mbili za kuunganisha koili tatu za mota) hupunguza mkondo wa laini hadi theluthi. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi theluthi, jambo ambalo wengi husahau. Pampu au feni itaondoka vizuri, ila mkanda uliojaa mawe huenda ukabaki palepale huku koili zikichemka. Kwa mzigo wa namna hiyo tafuta kifaa cha kudhibiti hezi, ambacho huianzisha mota kwa hezi chache na kuipandisha taratibu.

Ni nini hasa kinachounguza mota?

Joto, karibu kila mara. Vanishi inayofunika waya za koili ina kikomo: daraja B ni nyuzi 130 za selsiasi, F ni 155, H ni 180. Mafundi hutumia kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi 10 juu ya kikomo hupunguza maisha ya vanishi kwa nusu.

Adui mbaya kuliko wote kwa mota ya fezi tatu ni kukatika kwa fezi moja ikiwa inazunguka. Haisimami. Inaendelea kubeba mzigo kwa fezi mbili zilizobaki, zikivuta mkondo uliozidi, na mtu aliye mbali hasikii kitu zaidi ya mngurumo uliobadilika kidogo. Ukifungua mota iliyokufa hivyo utaona baadhi ya koili nyeusi na nyingine bado ziko safi, kwa mpangilio unaojirudia. Alama hiyo haidanganyi. Kabla ya kuipeleka kusukwa upya, tafuta fyuzi iliyokatika au kontakta (swichi inayofungwa kwa sumaku-umeme) iliyolegea, la sivyo utaisuka tena. Na ovalodi (kifaa kinachokata umeme mkondo ukizidi) iliyorekebishwa kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibao ni kinga ya bei ndogo sana ukilinganisha na mota mpya.

Kwa nini umeme husafirishwa kwa msongo mkubwa hivyo?

Tuchukue megawati 1 ya fezi tatu. Ukiisafirisha kwa volti 400, kila waya utabeba takriban ampea 1443. Ukiipandisha hadi kilovolti 33, ampea ni 17.5 tu. Joto linalopotea kwenye waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, hivyo kwa waya uleule upotevu unapungua zaidi ya mara 6,800.

Jenereta yenyewe kwa kawaida haitoi msongo mkubwa sana, mara nyingi haizidi kilovolti 25 hivi, kwa kuwa ni vigumu kuweka kinga nene ya kutosha ndani ya mifereji myembamba ya stata. Transfoma iliyo jirani ndiyo inayopandisha hadi kilovolti 132, 220 au 400. Upande wa pili, vituo vya kupozea umeme huushusha hatua kwa hatua hadi nyumbani.

Mwaka 1891 wahandisi walipeleka umeme wa fezi tatu kutoka Lauffen hadi Frankfurt, Ujerumani, umbali wa kilomita 175, na karibu robo tatu ya nguvu ikafika. Kabla ya hapo wengi waliamini lazima kiwanda kijengwe kando ya mto.

Mashine za gridi moja zinawezaje kwenda pamoja?

Jenereta zote za aina ya sinkronasi (ambazo rota yake huenda sambamba na mawimbi ya umeme) kwenye gridi moja zimefungwa na uga wa sumaku kama kwa kamba za mpira. Moja ikitaka kutangulia, inabebeshwa mzigo zaidi na kuvutwa nyuma, na ikitaka kuchelewa, wenzake wanaivuta. Hezi unazopima kwenye soketi ni kasi ya rota hizo zote.

Kuingiza mashine mpya kunahitaji subira. Volti zilingane, hezi zilingane, mpangilio wa fezi uwe uleule, na mawimbi yawe yanapanda pamoja. Kwenye chumba cha udhibiti kuna kifaa chenye mshale unaozunguka polepole. Mwendeshaji husubiri mshale ukaribie saa sita juu, ukienda taratibu, ndipo afunge swichi. Akifunga mshale ukiwa chini, gridi nzima itaivuta rota ya tani nyingi ikae sawa kwa kufumba na kufumbua, na shafti inaweza kupinda au kukatika.

Mzigo ukizidi uzalishaji, rota zote hupungua kasi kwa pamoja. Sekunde za mwanzo, uzito wao unaozunguka ndio unaolipa pengo. Kisha gavana hufungua maji au mvuke. Hezi zikiendelea kushuka, relei (swichi zinazojiendesha zenyewe) hukata baadhi ya wateja ili waliobaki wapone. Kukatiwa huko kunaudhi, lakini bila hivyo vituo vingejitoa kimoja kimoja hadi giza litande kote.

Je, paneli za jua zinabadilisha hali hii?

Ndiyo. Paneli hazina kinachozunguka. Umeme wake mnyoofu hugeuzwa na kifaa kiitwacho inveta kuwa umeme unaopanda na kushuka, na inveta za kawaida hufuata hezi zilizopo badala ya kuzishikilia. Rota nzito zikipungua, hezi hushuka kwa haraka zaidi panapotokea hitilafu.

Jimbo la South Australia, ambalo lote lilikosa umeme tarehe 28 Septemba 2016, baadaye lilifungiwa mashine nne za sinkronasi zenye magurudumu mazito. Hazichomi mafuta wala hazizungushi pampu yoyote. Zinazunguka tu zikiwa zimeunganishwa na gridi, ili zishikilie volti na kuchelewesha mporomoko wa hezi. Betri kubwa zenye inveta za kisasa nazo zinaanza kupewa kazi hiyo.

Ufanisi wa mashine hizi ni kiasi gani?

Jenereta kubwa hufikia asilimia 98 na zaidi, transfoma kubwa hata 99, mota kubwa 95 hivi. Hasara kubwa iko kwingine: kituo cha mvuke hugeuza takriban theluthi moja hadi asilimia 40 na kitu ya joto la mafuta kuwa umeme. Maji hayana tatizo hilo, na tabaini nzuri ya maji huvuka asilimia 90.

Naweza kuchomeka jenereta kwenye soketi ya nyumba umeme ukikatika?

Usifanye hivyo kamwe. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ile inayoshusha kilovolti 11 kuwa volti 400 itapandisha umeme wa jenereta yako hadi kilovolti 11 kwenye laini ambayo fundi aliye juu ya nguzo anaamini imezimwa. Na umeme wa laini ukirudi wakati jenereta bado imeunganishwa, mawimbi hayatalingana na jenereta itaharibika palepale. Funga swichi ya kubadilishia, ile ambayo kwa muundo wake haiwezi kuunganisha njia zote mbili kwa wakati mmoja.

Jenereta yangu imekaa muda mrefu. Injini inawaka vizuri lakini haitoi umeme. Kwa nini?

Jenereta nyingi ndogo hutumia sehemu ya umeme wake kulisha sumaku ya rota. Ili zianze, hutegemea usumaku kidogo uliobaki kwenye chuma tangu mara ya mwisho. Kanuni hii ya mashine kujilisha yenyewe ni ya miaka ya 1866 na 1867, na Werner von Siemens ni miongoni mwa walioianzisha. Jenereta ikikaa sana, au ikizimwa mzigo mkubwa ukiwa bado umewashwa, usumaku huo unaweza kufifia kabisa, na hapo hakuna pa kuanzia.

Kwanza hakikisha swichi haijakatika na brashi za kaboni, kama ipo nazo, zinagusa vizuri. Kama tatizo ni usumaku, fundi huondoa mizigo yote, anatenganisha waya za kidhibiti volti, kisha anagusisha betri ya volti 12 kwenye koili ya rota kwa sekunde chache, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Akirudisha waya na kuwasha injini, voltmita ikipanda taratibu hadi kiwango chake na kutulia, mashine imepona. Ikigota kwenye volti chache na kubaki hapo, kagua kidhibiti volti na diodi.